Taa ya ABS Inapokataa Kuzima

Mwaka 1988 BMW ilitoa K100 yenye ABS ya elektroniki, ya kwanza kuuzwa kwenye pikipiki. Leo pikipiki kubwa za safari huwa na sensa kwenye kila gurudumu, ikisoma meno ya pete ya chuma inayozunguka nalo. Gurudumu likitaka kujifunga ghafla, kompyuta hupunguza nguvu ya breki.

Kwa kawaida taa ya ABS huzima pikipiki ikishaanza kutembea. Isipozima, wengi hukimbilia kununua sensa mpya. Hiyo ni hasara ya bure. Fundi makini huanza na betri, kwa sababu ikiwa dhaifu umeme hushuka injini inapowashwa, na kompyuta huona hitilafu.

Kisha huvua sensa. Ile yenye sumaku hunasa unga mweusi wa chuma nchani, mfano wa ndevu changa. Kitambaa safi chatosha. Hukagua meno ya pete, halafu hufuata waya hadi kwenye plagi, akipapasa kila pale unapojikunja usukani ukikatwa. Mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu husaidia, lakini hutaja gurudumu lenye tatizo, si lazima kifaa kilichokufa.

Kwa pikipiki nyingi, breki za kawaida huendelea kushika hata taa ikiwaka. Kwenye lami yenye maji, hata hivyo, gurudumu laweza kujifunga. Dereva apunguze mwendo mpaka ABS itengenezwe.