Upitishaji wa Data Baina ya Programu kwa Vielekezi: Mfano wa AS/400

Programu inapoiita programu nyingine, data yaweza kupitishwa kwa kunakili thamani yenyewe au kwa kutoa kielekezi, yaani anwani ya mahali thamani hiyo ilipo katika kumbukumbu. Katika mashine za AS/400, zilizozinduliwa na kampuni ya IBM mwaka 1988, amri ya CALL hufuata njia ya pili. Haibebi jina la mteja wala salio lake. Hubeba vielekezi, na programu inayoitwa huisoma data palepale ilipo. Rekodi ya baiti 5,000 hupitishwa kwa kielekezi cha baiti 16 tu, na jibu likiandikwa mahali palepale, programu iliyoita hulikuta bila kurudishiwa chochote.

Tatizo ni kwamba kielekezi hicho hakielezi urefu wala aina ya data. Ichukuliwe kwamba programu A imetenga baiti 10 kwa ajili ya jina, ilhali programu B imetangaza parameta hiyohiyo kuwa ya baiti 20. B inapoandika jina na kujaza nafasi tupu hadi mwisho, baiti 10 za ziada huangukia kigeu kinachofuata katika kumbukumbu ya A, ambacho huenda ni salio. B humaliza kazi yake salama. Kosa hujitokeza baadaye ndani ya A, katika mstari usiohusika kabisa, na kwa sababu hiyo hutafutwa mahali pasipo.

Majaribio nayo yaweza kupotosha. Maneno yanayoandikwa moja kwa moja katika mstari wa amri, yasipozidi herufi 32, hujaziwa nafasi tupu hadi kufikia 32. Parameta ya herufi 30 itafanya kazi bila dosari. Ya herufi 50 itapokea herufi 32 zilizo sahihi, na 18 zinazobaki zitakuwa chochote kilichokuwamo katika kumbukumbu. Namba nazo hupitishwa zikiwa desimali iliyopakiwa ya tarakimu 15, tano kati yake zikiwa baada ya nukta, hata kama programu inayoitwa inatarajia umbo jingine.

Lugha ya RPG IV ilileta prototaipu, ambayo humwezesha mkusanyaji kulinganisha wito na tangazo la parameta kabla programu haijaendeshwa. Neno CONST huongeza kinga: urefu usipolingana, nakala ya muda hutengenezwa na kielekezi cha nakala hiyo ndicho kinachopitishwa. Hata hivyo, mkusanyaji huusadiki waraka aliopewa. Prototaipu iliyoandikwa upya na kila mwandishi wa programu, badala ya kuchukuliwa kutoka faili moja inayotumiwa na pande zote mbili, ni kinga ya jina tu. B ikirefusha parameta yake kesho, A itaendelea kukusanywa bila onyo lolote.