Mtoto Anapocheza Ngoma Mbele ya Watu

Kaeni tayari na daftari zenu. Somo la leo ni juu ya kumtayarisha mtoto mdogo kucheza ngoma mbele ya watu.

Kila mwaka, tarehe 16 Juni, ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka siku hiyo mwaka 1991, ili tuwakumbuke wanafunzi waliouawa Soweto, Afrika Kusini, mwaka 1976. Siku hiyo watoto wengi wa shule huimba na kucheza ngoma uwanjani.

Mama mmoja wa darasa letu alisema hivi: "Mwalimu, mwaka jana binti yangu wa miaka sita alisimama katikati ya ngoma kama mlingoti. Watu wakacheka. Nami nikamwambia, umenitia aibu. Mwaka huu hataki hata kusikia njuga zikilia. Nifanye nini?"

Basi tukazungumza darasa zima. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, tujue hofu ni kitu gani. Mtu akiogopa, moyo hupiga mbio, mdomo hukauka na tumbo huuma. Mwili unajitayarisha kukimbia. Huo si ukaidi wala ujinga. Hata mcheza ngoma hodari hupatwa na hayo. Kwa hiyo kumwambia mtoto "Usiogope" hakumsaidii. Mwambie, "Moyo ukipiga mbio, vuta pumzi polepole, kisha sikiliza ngoma."

Pili, mazoezi yawe mafupi, lakini ya kila siku. Dakika 15 kila jioni zatosha kwa mtoto mdogo. Kwanza apige makofi kufuata ngoma, halafu ndipo atie miguu. Kama hamna ngoma nyumbani, pigeni debe tupu. Avae njuga tangu siku za mazoezi, kwa sababu zina uzito, nazo hubadili hatua. Chini ya njuga mfungie kitambaa, zisimchubue.

Tatu, mfundishe la kufanya akikosea. Hili ndilo wazazi wengi tunalisahau. Wakati wa mazoezi, mwambie asimame ghafla, nawe endelea kupiga debe. Asikilize, apige makofi mpaka aupate mpigo, kisha aingie tena. Rudieni mara nyingi, mpaka liwe jambo la kuchekesha. Mtoto anayejua njia ya kurudi haogopi sana kupotea.

Nne, azoee macho ya watu kidogo kidogo. Leo acheze mbele ya bibi yake, kesho mbele ya majirani, halafu mbele ya watoto wa mtaa.

Tano, siku yenyewe. Mtoto wa miaka sita anahitaji kulala saa 9 hadi 12, kwa hiyo usiku wa kuamkia ngoma alale mapema. Asubuhi anywe uji, asishibe kupita kiasi. Apate maji, aende choo kabla ya kuingia uwanjani. Mwonyeshe mahali utakaposimama. Akikosea, atautafuta uso wako kabla ya uso wa mtu mwingine. Akute unatabasamu na kumpigia makofi.

Mama yule akauliza, "Na yale niliyomwambia mwaka jana?"

Tukamjibu, "Mwombe radhi."

Wengine wakanong'ona. Mzazi amwombe radhi mtoto? Hapo mzee mmoja akainuka, akasema, "Mimi nilipigwa kwa kukosea ngoma nilipokuwa mdogo. Sikucheza tena mpaka leo, na nina wajukuu." Darasa likanyamaza.

Juma lililofuata mama akarudi. Akasema, "Nimemwomba radhi. Hakunijibu neno. Lakini jioni aliniletea debe."

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Mwili hufanya nini mtu anapoogopa?
2. Kwa nini mtoto avae njuga tangu siku za mazoezi?
3. Mtoto akikosea, afanye nini ili aingie tena katika ngoma?
4. Je, ni vibaya mzazi kumwomba radhi mtoto? Toa sababu zako.

Andikeni majibu kwa sentensi kamili.