Diwani Asiye na Barabara

Ofisi ya serikali ya mtaa jijini Dar es Salaam haihitaji kibao ili itambulike. Mara nyingi ni chumba kimoja au viwili, bendera ya taifa nje, benchi la mbao na watu wanaosubiri. Mmoja anataka barua ya utambulisho aipeleke benki. Mwingine ndugu yake yuko mahabusu, anatafuta barua ya kumdhamini. Wa tatu amegombana na jirani anayefungulia maji machafu kila mvua ikinyesha. Wa nne hana shida ya karatasi. Amekuja kumuuliza mwenyekiti ile barabara itachongwa lini.

Kwa watatu wa kwanza mwenyekiti ana la kufanya. Kwa huyo wa nne hana, na hata diwani wake hana.

Tangu mwaka 2017, barabara zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zinasimamiwa na TARURA, wakala wa barabara ulio chini ya TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa. Meneja wake anaweza kuitwa kwenye baraza akatoa maelezo, lakini si madiwani wanaomwajiri wala kumwondoa. Maji ya jiji ni ya DAWASA. Umeme ni wa TANESCO. Kodi ya majengo, ambayo katika nchi nyingi ndiyo nguzo ya mapato ya miji, ilipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) katika mwaka wa fedha 2016/17, na tangu Agosti 2021 hukatwa kidogo kidogo kila mtu anaponunua umeme wa LUKU. Mwananchi analipa kila mwezi bila kuandikiwa hati ya madai, bila kujua manispaa yake inarudishiwa kiasi gani, na kwa hiyo hana pa kuanzia anapotaka kuuliza fedha hiyo imefanya nini mtaani kwake.

Hata hivyo, wakati wa kampeni hakuna anayesimama jukwaani kuahidi kwamba atamwandikia barua meneja wa TARURA. Wapigakura wanataka barabara, na mgombea anaahidi barabara. Akishapata udiwani, kazi yake inageuka kuwa ya kuomba: kwa mkurugenzi, kwa mbunge, kwa mkuu wa wilaya, kwa mfanyabiashara mwenye malori. Asipofanikiwa, ananunua lori mbili za kifusi kwa fedha yake, anakimwaga kwenye dimbwi lililo karibu na shule, na mvua za masika zikikisomba anaitwa mwongo. Juu ya hayo kuna misiba, harusi, jezi za timu ya vijana na mgonjwa anayehitaji nauli ya kwenda hospitali ya Muhimbili. Posho ya diwani kwa mwezi kwa miaka mingi ilikuwa Sh350,000. Ilikuwa ikicheleweshwa sana katika halmashauri zenye mapato madogo, hadi bajeti ya 2021/22 ilipoamua Serikali Kuu ianze kuwalipa wengi wao moja kwa moja kwenye akaunti zao. Mwenyekiti wa mtaa hana hata uhakika huo. Hana mshahara, na posho yake inategemea halmashauri imekusanya nini na imeamua nini.

Si haki kumlaumu mtu wa namna hiyo kwa barabara ambayo hakupewa. Lakini pia si haki kwa mwananchi kuchagua kiongozi asiyeweza kuwajibishwa kwa jambo lolote kubwa.

Mpangilio wa madaraka nao unastahili kutazamwa. Baraza la madiwani linaongozwa na meya, ambaye hapigiwi kura na wananchi bali na madiwani wenyewe. Katibu wa baraza ni mkurugenzi, mteule wa Rais, na ndiye mwenye watumishi na hundi. Mtaani hali ni hiyohiyo: mwenyekiti amechaguliwa, mtendaji wa mtaa ameajiriwa na halmashauri. Wakielewana, kazi zinakwenda. Wakigombana, anayebaki ofisini ni mwajiriwa. Tena kuna tofauti ambayo wakazi wengi wa mijini hawaijui. Kijiji kilichosajiliwa kina halmashauri yenye hadhi ya kisheria. Kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo na, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kusimamia ardhi yake. Mtaa hauna hadhi hiyo. Mwenyekiti wa mtaa wenye maelfu ya wakazi pale Temeke ana mamlaka madogo kisheria kuliko mwenzake wa kijiji chenye kaya mia chache.

Haya hayakuanza jana. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa nchini kwa sera ya madaraka mikoani. Miji ikadorora kiasi kwamba mabaraza yake yalirudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji, zikaujenga upya mfumo mzima. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuzifuta serikali za mitaa kulikuwa kosa. Ibara za 145 na 146 za Katiba zikazipa msingi, na kueleza kwamba lengo lake ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Pamoja na hayo, mwaka 1996 baraza la jiji la Dar es Salaam lilivunjwa, na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja ikaongoza hadi mwaka 2000. Februari 2021 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Keenja anakumbukwa kwa kuondoa uchafu mitaani, na hoja ya mwaka 2021 ya kupunguza gharama ilikuwa na uzito wake. Lakini mara zote uamuzi ulitoka juu ukashuka.

Kisha kuna sanduku la kura. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2014 vyama vya upinzani viliondoka na karibu theluthi moja ya mitaa yote nchini, na wapo wenyeviti wa vyama tofauti waliokaa kwenye kata moja wakigombea miradi kwa hoja. Mwaka 2019, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa na CHADEMA kujitoa, chama tawala, CCM, kilipata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Novemba 27, 2024 matokeo yalikuwa karibu yaleyale, ingawa watu zaidi ya milioni 31 walikuwa wamejiandikisha. Uchaguzi huo bado unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ambayo halmashauri zenyewe ziko chini yake. Mkazi anayeona jina moja tu kwenye nafasi ya mwenyekiti hana sababu kubwa ya kuhudhuria mkutano wa mtu ambaye hakumchagua kwa ushindani.

Na mkutano ndio uliobaki. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, awe mwenye nyumba au mpangaji. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, ada ya taka inapojadiliwa, na ulinzi shirikishi unapopangwa. Gari la matangazo hupita, viti vya plastiki hupangwa chini ya mwembe, na wanaofika ni wazee, akina mama wa vikundi na mabalozi wa nyumba kumi. Vijana wako kwenye bodaboda na vibanda vyao; wapangaji wanaamini mambo hayo ni ya wenye nyumba. Halafu watu haohao ndio wanaolalamika kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, iliyowekwa kwenye sheria mwaka 2018 kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imekwenda kwa vikundi wasivyovijua. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarudi mwaka 2024. Kikundi hewa ni vigumu kupita mbele ya mkutano uliojaa.

Makueni, nchini Kenya, ilionyesha kwamba hali inaweza kugeuka. Mwaka 2014 mgogoro kati ya Gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wa wadi ulifikia watu kupigwa risasi mjini Wote, na wananchi wakasaini ombi la kuivunja serikali yao ya kaunti. Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuivunja. Kaunti hiyo ikajijenga kwa mikutano iliyoanzia vijijini, ikapanda hadi wadi zake 30 na kufika ngazi ya kaunti, ikipanga ni mradi gani utangulie. Kamati za wakazi zilikagua kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Kibwana aliongoza mihula miwili, hadi mwaka 2022.

Dar es Salaam haina gavana wala bajeti ya namna hiyo, na Serikali inapaswa kuzirudishia manispaa kodi ya majengo na kuzipa kauli ya mwisho juu ya barabara za mitaa. Hilo ni deni lake. Wakati linadaiwa, mkazi asisubiri uchaguzi wa mwaka 2029. Aulize ofisi ya mtaa wake mkutano ujao ni lini, afike hata kama ni mpangaji, na aombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe shilingi kwa shilingi. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa umma. Aende akakae nyuma, asikilize diwani wake anasema nini anapokuwa mbali na jukwaa la kampeni.