KUONGOZA MJADALA WA VITABU TEULE

Wengi hudhani kiongozi wa mjadala ni yule ajuaye zaidi. La hasha! Mjuaji akiongoza, mjadala hugeuka hotuba na walio nyuma husinzia. Kazi ya kiongozi ni kuuliza, kisha kunyamaza. Hilo la pili ndilo gumu, jamani.

Karatasi ya tatu ya KCSE ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, kwa hivyo wengi hukimbilia miongozo. Unakariri maudhui, basi. Lakini dondoo likija ukaulizwa nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini, msomaji wa mwongozo hubaki akitafuna kalamu. Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa: "Ukurasa gani?" Anayedai jambo sharti atusomee palipoandikwa. Vitabu vikiwa viwili kwa watu kumi, mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza.

Swali hilo lilitufaa sana tulipojadili *Chozi la Heri* cha Assumpta Matei. Kitabu hiki kilitahiniwa hadi 2022, lakini chama chetu bado hukisoma. Humo Ridhaa, daktari, anapoteza jamaa yake motoni baada ya uchaguzi, na mkono wa jirani yake, Mzee Kedi, umo. Sasa fikiria mjadala huo hapa Endebess, ambapo mwaka 2008 watu waliofukuzwa makwao waliishi kambini. Mlima Elgon nao, hapo juu tu, ulikuwa na vita vya mashamba kati ya 2006 na 2008. Darasani mmekaa Msabaoti, Mbukusu, Mkikuyu na Mturkana, na kila mmoja ana aliyosimuliwa nyumbani.

Mmoja akaanza, "Lakini watu wa kwao ndio..." Nikamkatiza: "Ukurasa gani?" Akacheka, akafungua kitabu. Tangu hapo hatuulizi watu wa fulani walifanya nini; twauliza Kedi alifanya nini. Si kuogopa ukweli. Kitabu ni kama meza: jambo zito huwekwa juu yake, likaangaliwa na wote bila mtu kulibeba peke yake. Na mtu akisema leo hataki kuchangia, mwache. Usimtaje tena.

Nikauliza: kwa nini mwandishi akachagua jirani, asichague mgeni? Kimya. Nikahesabu moyoni hadi ishirini. Mvulana asiyesemaga kitu akajibu kwamba mgeni hajui watoto wanalala chumba kipi. Hakuna mwongozo nilioona wenye jibu hilo!

Dakika kumi za mwisho kila mtu huandika hoja tatu na kurasa zake daftarini. Siku hiyo hatukufika huko. Msichana mmoja aliuliza kama ujirani hurudi baada ya moto, tukagawanyika nusu kwa nusu, na kengele ikalia. Tutaendelea Alhamisi.