Ripoti ya Mkaguzi Mkuu haiishii kwenye maoni

Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, swali la kwanza kuanzia Rongo, kaunti ya Migori, hadi Mbita, kaunti ya Homa Bay, huwa lile lile: kaunti yetu imepata maoni gani? Yakiwa safi, wafuasi wa gavana hushangilia. Yakiwa yenye shaka, wapinzani wake hutangaza kwamba wizi umethibitishwa. Wote wawili wamekosea.

Maoni hujibu swali moja tu: je, taarifa za fedha zilizoandaliwa na kaunti zinaonyesha kwa haki pesa zilizoingia na zilizotoka? Yakiwa safi, vitabu vinaaminika. Yakiwa yenye shaka, vinaaminika isipokuwa pale palipotajwa. Yakiwa mabaya, vitabu havionyeshi hali halisi. Kuna na hali ya nne, ambayo mimi huiogopa kuliko zote: mkaguzi kukataa kutoa maoni kwa sababu hakupata ushahidi wa kutosha. Mwizi aliyeandika vizuri anaweza kupita kwenye maoni; karani mwaminifu aliyepoteza risiti akakwama.

Ndiyo maana nasema ripoti isomwe yote. Ina sehemu tatu, na maoni yako kwenye ya kwanza. Ya pili inahusu uhalali na ufanisi wa matumizi ya mali ya umma. Ya tatu, udhibiti wa ndani na utawala. Nyama iko kwenye ya pili, na wasomaji wengi hawafiki huko.

Tuseme kaunti imejenga zahanati Nyatike. Vocha ya malipo ipo, ankara ipo, cheti cha kamati ya ukaguzi na upokeaji kimetiwa saini, na pesa zinaonekana kwenye IFMIS, mfumo wa kielektroniki wa fedha za serikali, na kwenye taarifa ya benki. Hesabu imefunga. Kisha mkaguzi anafika pale na BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi, mkononi, anaanza kuhesabu milango. BQ inataja tangi la maji. Anakuta msingi wa zege na hakuna tangi juu yake. Mlango mkuu una kufuli, na hakuna muuguzi aliyepangiwa kituo hicho. Atayaandika hayo kwenye sehemu ya pili, na maoni ya sehemu ya kwanza yanaweza kubaki safi kabisa.

Magavana hukimbilia maoni kwa sababu yana faida. Chini ya mpango wa kuimarisha ugatuzi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kaunti yenye maoni mabaya au iliyonyimwa maoni ilijiweka nje ya ruzuku. Kwa hiyo idara za fedha zimejifunza kupanga vitabu. Ni hatua nzuri, nakubali, lakini zahanati ya Nyatike haifunguliwi na vitabu.

Na si pesa kidogo. Katika mwaka wa fedha 2021/22, mgao wa Migori kutoka hazina ya kitaifa ulikuwa takriban Sh8 bilioni, na wa Homa Bay takriban Sh7.8 bilioni. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Mishahara ndiyo jipu. Baada ya uchaguzi wa 2022, serikali mpya ya Homa Bay chini ya Gladys Wanga iliagiza orodha ya wafanyakazi ihakikiwe, na wafanyakazi hewa wakajitokeza. Jina hewa likiwa na akaunti ya benki na namba ya ajira, kwenye karatasi halitofautiani na mwalimu wa chekechea anayeamka alfajiri kwenda kazini.

Kuna ukurasa mwingine ninaoupenda: ule wa mambo ya miaka iliyopita ambayo hayajatatuliwa. Hoja ikirudi mwaka baada ya mwaka, masurufu yale yale ambayo hayajarejeshwa, ardhi ile ile isiyo na hati miliki, huna haja ya kumsikiliza msemaji wa kaunti.

Ripoti ikishatoka, wenye kazi ni bunge la kaunti na Seneti, ambako Kamati ya Hesabu za Umma za Kaunti imeongozwa na Moses Kajwang', seneta wa Homa Bay mwenyewe. Huko utaona mchezo wa kuudhi: stakabadhi zilizokosekana mkaguzi alipoziomba zinafika mbele ya kamati zimefungwa vizuri kwenye faili. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2015 inafanya kumnyima mkaguzi taarifa kuwa kosa. Kifungu cha 226 cha Katiba nacho kinambebesha afisa aliyeidhinisha matumizi haramu hasara hiyo yeye binafsi, hata akiwa ameshaondoka ofisini. Meno yapo, wanaopaswa kuuma ndio wanaosita.

Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Mkaguzi Mkuu ana miezi sita kutoa ripoti, yaani hadi Desemba 31, kisha bunge lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Migori ina wadi 40, na Homa Bay 40, kila moja na mwakilishi wake. Aprili ikifika, muulize mwakilishi wadi wako ripoti ilijadiliwa siku gani na nani aliagizwa kurudisha nini. Akikwepa, andika barua kwa kaunti ukitumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu.