Uliyapata kwa nani? Kesi ya Stanis Bujakera na sisi wa Bungulu

Katika kitabu cha Yeremia, sura ya 36, kuna swali dogo ambalo wengi wetu tunalipita haraka. Baruku amekwisha kusoma gombo hekaluni, watu wamelisikia, na wakubwa wa serikali wamemwita awasomee na wao. Wanashikwa na hofu. Kisha, kabla ya kwenda kwa mfalme, wanamwuliza aliyaandikaje maneno hayo yote, na kama yalitoka kinywani mwa Yeremia. Hawamwulizi kama maneno ni ya kweli. Wanataka kujua yametoka kwa nani.

Swali hilo liliturudia siku kijana mmoja wa kanisa letu hapa Bungulu alipokuja na mama yake. Amemaliza shule ya sekondari, anataka kusomea uandishi wa habari. Mama alitaka tumkataze. Kijana alitaka tumwambie kama ni kazi ambayo Mkristo anaweza kuifanya katika nchi hii mpaka akazeeka. Hatukuwa na jibu jepesi. Tuliwasimulia habari za Stanis Bujakera Tshiamala, na kwa kuwa wengine pia wameuliza, tunaziandika hapa.

Bujakera ni mwandishi wa Kinshasa, mmoja wa wale wanaosomwa zaidi katika Kongo. Alikuwa naibu mkurugenzi wa gazeti la intaneti Actualite.cd, tena alilitumikia gazeti la Jeune Afrique na shirika la habari la Reuters. Tarehe 8 Septemba 2023 alikuwa uwanja wa ndege wa N'djili, tayari kusafiri kwenda Lubumbashi, polisi wakamkamata. Simu zake na kompyuta yake zikachukuliwa. Baada ya siku kadhaa mikononi mwa polisi alipelekwa gereza la Makala.

Kisa kilianzia kwenye kifo. Chérubin Okende, mbunge aliyewahi kuwa waziri wa uchukuzi na aliyekuwa msemaji wa chama cha Moïse Katumbi, alikutwa amekufa ndani ya gari lake jijini Kinshasa tarehe 13 Julai 2023. Mwishoni mwa Agosti Jeune Afrique ilichapisha makala iliyotegemea barua iliyosemekana kuwa ya idara ya ujasusi ya taifa, ANR, na barua hiyo iliwataja watu wa ujasusi wa jeshi. Serikali ilisema barua ni ya kughushi. Makala haikuwa na jina la Bujakera. Hata hivyo mwendesha mashtaka alisema yeye ndiye aliyeitengeneza barua na kuisambaza kwa simu, akamshtaki kwa kughushi, kuiga mihuri ya serikali na kueneza uvumi wa uongo. Wanasheria wake na mashirika ya kutetea waandishi yaliupinga ushahidi huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Mara kadhaa aliomba atoke kwa dhamana, akakataliwa. Mwezi Machi 2024 mwendesha mashtaka aliomba afungwe miaka 20. Tarehe 18 Machi mahakama ilimkuta na hatia, ikampa miezi sita na faini ya faranga milioni moja za Kongo. Miezi sita alikuwa amekwisha kuimaliza. Kesho yake akatoka.

Ukifanya hesabu utaona jambo. Kati ya miaka 20 na miezi sita kuna bonde kubwa mno kwa kosa lile lile moja. Sisi si wanasheria, lakini hukumu inayolingana karibu kabisa na siku ambazo mtu amekwisha kukaa gerezani inatufanya tujiulize kama adhabu haikuwa ile ya kungoja. Na wanaojua Makala wanajua maana ya kungoja mle. Gereza lile lilijengwa kwa ajili ya watu 1,500, nalo hubeba mara nyingi zaidi ya idadi hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa walijaribu kutoroka, na serikali yenyewe ilitangaza vifo 129.

Kijana aliuliza: kwa nini hakusema tu barua ilitoka kwa nani, aende nyumbani?

Ni swali zuri, na wachungaji wanaweza kulijibu kuliko wengine. Mtu akija kwetu usiku na kutueleza jambo linalomla moyoni, hatuendi kulitangaza kwenye mimbari. Tukilitangaza mara moja, hakuna mwingine atakayekuja. Mwandishi naye anaishi kwa imani ya namna hiyo. Hapa kwetu anayemwambia mwandishi kwamba ameona watu wenye silaha wakivuka shamba la kakao, au kwamba askari fulani wanatoza watu pesa kwenye kizuizi, ni mkulima, ni mama wa sokoni, ni dereva wa pikipiki. Jina lake likitajwa, hana ukuta wa kujifichia. Na Baruku? Alijibu wazi, ni kweli, kwa sababu Yeremia mwenyewe ndiye aliyemtuma akasome mbele ya watu wote. Hapakuwa na siri ya kulinda. Lakini angalieni yaliyofuata: wakubwa wale wale waliomhoji walimshauri aende akajifiche pamoja na Yeremia, mtu yeyote asijue walipo. Ndani ya serikali ya Yehoyakimu walikuwamo watu waliojua kwamba msema kweli anahitaji mahali pa kujificha.

Sheria yetu inasemaje? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, vifungu vya 23 na 24, inatupa uhuru wa kusema na haki ya kupata habari. Kisha tarehe 13 Machi 2023 zilitoka sheria mbili mpya, moja ya uhuru wa vyombo vya habari, nyingine ya mambo ya dijitali, na zote mbili zinaacha mlango ambao mwandishi anaweza kupitishwa kwenda gerezani kwa ajili ya alichokiandika. Kosa la uvumi wa uongo ni pana kama wavu wa samaki wadogo. Nani anaamua kwamba habari ni uvumi? Mara nyingi ni yule inayemhusu.

Kwetu Kivu ya Kaskazini mzigo ni mara mbili. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Utawala huo ulipoanza, mamlaka za kijeshi zilipewa uwezo wa kukataza mikutano na machapisho, na raia waliweza kuhukumiwa na mahakama ya jeshi. Wengi wanakumbuka vijana wa LUCHA waliokamatwa hapa Beni mwezi Novemba 2021 kwa kupinga kurefushwa kwa utawala huo. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi iliwapa kumi na wawili kati yao miezi 12. Hawakuwa waandishi, lakini kila mwandishi wa mji huu aliisikiliza hukumu ile kama yake. Na Januari 2025 waziri wa sheria alitangaza kwamba atakayeeneza habari za shughuli za jeshi la Rwanda na M23 atakutana na sheria kali, hata adhabu ya kifo.

Tunawaelewa wanaosema kwamba wakati wa vita ulimi ufungwe. Sisi pia tumezika watu. Hatutaki adui ajue jeshi limelala wapi. Lakini tangu mauaji yalipoanza katika eneo letu mwezi Oktoba 2014, je, tumewahi kuwa salama zaidi kwa sababu ya kutojua? Gazeti la karatasi ni nadra hapa. Gazeti letu ni redio na simu. Redio ikinyamaza, simu haikai kimya. Saa tatu usiku inaanza: wameingia mtaa fulani, wameua kumi, hapana, thelathini. Akina mama wanabeba watoto na magodoro, wanakimbia kuelekea upande ule ule hatari ilipo. Zaidi ya mara moja tumefungua milango ya kanisa usiku wa manane kwa watu waliokimbia habari ya uongo, na tumejua pia watu waliobaki shambani kwa kukosa habari ya kweli.

Wakati wa Ebola ilikuwa hivyo hivyo. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 pale Mangina, ukaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kumalizika Juni 2020. Wengine walisema ni biashara ya wageni, na makanisa yetu mengine, tukiri, yalisaidia kulieneza neno hilo. Papy Mumbere Mahamba wa redio ya Lwemba, kule Mambasa, alisema redioni kwamba ugonjwa ni wa kweli. Novemba 2019 watu wasiojulikana walimfuata nyumbani usiku wakamuua, wakamjeruhi mke wake, wakachoma nyumba. Hakuuawa na serikali. Tunalisema hili ili tusidhani kwamba hatari ya mwandishi inatoka ikulu peke yake. Inatoka pia kwa majirani wasiotaka kuambiwa.

Na inatoka kwetu. Hapa inatubidi tuseme lisilopendeza. Tukiwa na kutawazwa kwa wachungaji, au jiwe la msingi, tunaita waandishi na tunawapa coupage, pesa ya nauli kama tunavyoiita kwa heshima. Mshahara wao mara nyingi haupo, hivyo wanaipokea. Lakini kukiwa na ugomvi wa kugombea uongozi wa kanisa, au sadaka ya ujenzi imepotea, bahasha ile ile inapelekwa ili habari isitoke. Tumeliona likifanyika, na siku ile tulikaa kimya mezani. Basi tutamwendeaje mkuu wa wilaya kumwambia amwache mwandishi afanye kazi yake?

Tulipendekeza kwa wazee wa kanisa kwamba tumlipe mwandishi nauli ya wazi, yenye karatasi ya kusaini, iwe habari ni tamu au chungu. Bado wanafikiri. Jambo la pili walilikubali: mwandishi wa eneo letu akikamatwa, jina lake litasomwa katika maombi ya Jumapili, na wawili wetu wataenda kumtazama na chakula, wakimwuliza mlinzi kwa adabu amefungwa kwa kosa gani. Yeremia alipotupwa kisimani, Ebedmeleki alikwenda kwa mfalme mchana, mbele ya watu, kisha akarudi na kamba na matambara ya kuweka kwapani ili kamba isimchubue nabii. Ni hayo matambara tunayoyapenda katika hadithi ile. Alifikiria hata ngozi ya mfungwa.

Kijana yule ameanza mwaka wa kwanza. Mama yake bado anakuja kwenye maombi ya asubuhi, anakaa benchi ya nyuma karibu na mlango, na hajatuambia kama ametusamehe.