Mwewe wa Burma na Gari la Moshi la Makongeni

Soko la Burma, Nairobi, linajulikana kwa nyama. Aendaye huko aghalabu huenda kununua paja la mbuzi, au kuketi kula nyama choma na ugali. Hata jina lake lina historia: lakumbusha askari wa Kiafrika waliopelekwa kupigana na Wajapani huko Burma katika Vita Vikuu vya Pili. Mimi nimelizuru mara kadhaa na kamera begani, kwa kuwa ni mahali pazuri pa kujifunzia kazi ambayo wapiga picha wengi huikwepa, nayo ni kukipiga picha kitu kilicho mwendoni.

Sababu ni mbili. Juu ya mabucha huzunguka mwewe wakingoja mabaki. Na mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo, upande wa mitaa ya Makongeni na Kaloleni (jina ambalo sisi wa Pwani tunalo pia kwetu), hupita reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899. Abiria wa Mombasa hawaitumii tena tangu reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, lakini magari ya abiria wa jijini bado hupita hapo kwenda Makadara na kwingineko.

HESABU YA MWENDO

Tuanze na gari la moshi. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Kamera ikifungua mlango wake kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, gari limekwisha kusogea sentimita 28, na picha hutoka na ukungu. Ikifungua kwa sehemu moja ya 1,000, gari husogea chini ya sentimita 2, na kila kitu huonekana wazi.

Msomaji atauliza: kwa nini basi tusitumie kasi hiyo siku zote? Kwa sababu gari lililogandishwa hivyo hufanana na gari lililosimama stesheni. Injini za kale zilikuwa na moshi wa kushuhudia mwendo wao. Za dizeli hazina ushahidi huo. Picha itakuwa safi, lakini itakuwa imesema uwongo.

Dawa yake ni kulifuata gari kwa kamera. Chagua sehemu moja ya 30 au ya 60 ya sekunde. Simama ubavuni mwa njia, mbali na reli, miguu imetulia. Liweke gari ndani ya lenzi tangu likiwa mbali, geuza kiuno pamoja nalo, bonyeza taratibu, na usikome kugeuka baada ya kubonyeza. Ukifaulu, injini hutoka wazi, na nyumba zilizo nyuma yake hugeuka mistari mirefu. Hapo hata mtoto atajua kwamba gari lilikuwa likienda.

Mwewe hana reli. Yeye hugeuka ghafla, na kumfuata kwa mkono mzito ni kazi bure. Kwake tumia sehemu moja ya 1,000 au kasi zaidi, kisha umtazame mwenye bucha kuliko ndege mwenyewe: mkono utupao kipande ndio ukuambiao mwewe atashukia wapi. Lakini mwenye bucha naye ni mtu. Mmoja aliniambia, "Mwewe ni wako bwana, ila sura yangu uiombe kwanza." Alisema kweli. Sisi tuliolelewa kubisha hodi mlangoni hatuna udhuru wa kuingia usoni mwa mtu bila idhini.

CHUMA NA MNYAMA

Ajabu ni kwamba mambo haya mawili yalikutana tangu zamani. Mwaka 1878, huko California, tajiri wa reli Leland Stanford alitaka kujua kama farasi akimbiapo huinua miguu yote minne kwa pamoja. Mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akamwonyesha kwamba ndivyo. Macho ya watu yalikuwa yamemtazama farasi karne na karne bila ya kuliona jambo hilo.

Kwetu tunaye Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Aliwapiga picha mahujaji, na kitabu chake cha safari ya Makka kikatoka mwaka 1978. Mwaka 1986 kikatoka kingine, alichokitunga na wenzake, juu ya reli yetu ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Ngazija.

Faida ya kazi hii huonekana kitu kikishatoweka. Zile injini 34 kubwa zilizopewa majina ya milima, zilizoletwa kuanzia mwaka 1955, kila moja ikiwa na uzito wa tani 250 hivi, zilikwisha kazi kufikia mwaka 1980. Chache zimo katika makumbusho ya reli ya Nairobi, kimya. Jinsi zilivyokuwa zikipanda kutoka Mombasa tutaijua kwa picha za wale waliozipiga zikienda. Wazee wetu walisafiri usiku kwa gari lile miaka na miaka, lakini albamu nyingi zina picha za watu waliosimama na mizigo yao stesheni. Safari yenyewe haimo.

Basi mwenye kamera, hata iwe ya simu, asingoje. Huko Tsavo, ambako simba waliwatisha wajenzi mwaka 1898, leo tembo hupita chini ya reli mpya kwa njia walizojengewa. Na pale Makongeni gari bado lapita. Lipige leo, lakini usikanyage reli kwa ajili ya picha, kwani gari la moshi halisimami upesi, na hakuna picha iliyo na thamani ya roho ya mtu.